MAONI: Seva ndogo haiuawi na wasomaji, inauawa saa ya kusasishwa

Redio ya kijamii ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini ama Ituri ikitaka kusikika mbali kuliko antena yake, mara nyingi inaanza na seva ndogo. Seva hiyo inabeba ukurasa wa habari, inabeba matangazo ya mubashara kwa ndugu walio Kampala, Bujumbura ama Ulaya, na kwa wakati wa vita inabeba pia kitu kizito zaidi: matangazo ya familia zinazotafutana. Mama aliyepotezana na mtoto wake njiani, mzee aliyeacha simu nyumbani, kikundi kilichotoka kambi moja kuingia nyingine. Majina, umri, kijiji walikotoka, namba ya kupigia.

Mashini yenyewe ni ndogo kweli. Ama ni seva ya kukodi inje ya inchi kwa dola 4 au 5 kwa mwezi, ama ni Raspberry Pi iliyokaa juu ya etajeri karibu na batri ya sola. Memori yake ni megabaiti 512, ikibahatika gigabaiti 1. Kwa kazi ya kila siku hiyo inatosha. Ukurasa wa maandishi na picha chache haulemei mashini, hata wasomaji wakiwa mia moja kwa mara moja asubuhi kisha usiku wa risasi.

Shida inafika siku ambayo hakuna msomaji aliyefanya kosa. Fundi anaingia kwenye seva, anaandika amri moja ya kusasisha programu, anangoja. Dakika mbili, tatu. Kisha kwenye skrini linatokea neno moja la Kiingereza, Killed, maana yake: imeuawa. Basi. Hakuna maelezo. Akirudi kuangalia ukurasa wa redio, anakuta nao umekufa, kwani hifadhidata iliyokuwa inaubeba imezimwa pamoja nayo ama kabla yake.

Hapo lawama inaanza kutafuta mwenyewe. Mkurugenzi wa redio anasema mashini ni ya bei chee. Fundi anasema mtandao. Mfadhili, aliye mbali, anaandika barua kwamba ilikuwa inafanya kazi vizuri siku alipoitoa. Wote watatu wanaacha kuangalia mahali penyewe: programu ile ambayo kazi yake ni kuleta na kusasisha programu zingine, ambayo mafundi wanaiita meneja wa pakiti. Kwa seva ndogo, yeye ndiye mlaji mkubwa kuliko wote, na anakula kwa siri, kwa sababu anakuja mara moja moja.

Ili mtu ambaye si fundi aelewe, afikiri depo ya bidhaa. Mtu anataka gunia moja la chumvi. Mwenye depo wa kwanza yuko na daftari lililopangwa vizuri. Anafungua ukurasa wa chumvi, anaangalia, anafunga. Mwenye depo wa pili, kila mteja akija, anatoa madaftari yote ya depo nzima, ya mchele, ya mafuta, ya misumari, ya sabuni, anayatandaza yote mezani, ndipo anatafuta chumvi. Kama meza yake ni kubwa hakuna tatizo. Pengine hata anafanya haraka kuliko wa kwanza. Kama meza ni ndogo, vikombe vinaanguka chini.

Meza ni memori. Madaftari ni orodha ya pakiti zote zinazopatikana: jina la kila moja, toleo lake, na kila pakiti nyingine inayoihitaji ili ifanye kazi. Orodha hizo si ndogo. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina pakiti zaidi ya 64,000. Redio inatumia pengine mia tatu au mia nne kati ya hizo. Lakini ili kujua kama pakiti moja mpya haitagombana na zingine, meneja wa pakiti analazimika kupiga hesabu juu ya orodha, na namna anavyoishika orodha hiyo ndiyo inaleta tofauti.

Kwa familia ya Fedora, na ndugu zake kama AlmaLinux na Rocky Linux, meneja anaitwa dnf. Alichukua nafasi ya yum kwenye Fedora 22, munamo Mei 2015. Dnf ni mwenye akili sana kwa kupiga hesabu ya nani anamhitaji nani, na hilo halikataliwi. Lakini ili apige hesabu hiyo, anapakia orodha za depo zote zilizofunguliwa ndani ya memori, na kwa mashini yenye hazina kadhaa za programu hilo linafika mamia ya megabaiti. Kwenye kompyuta ya mtu wa ofisi yenye gigabaiti 16, hakuna anayeona. Kwenye seva ya megabaiti 512, ambayo tayari inabeba ukurasa, hifadhidata na matangazo ya mubashara, hakuna meza ya kutandazia.

Kwa muda mrefu kulikuwa pia na daftari moja la ziada, lile la majina ya mafaili yote yaliyo ndani ya pakiti zote. Si pakiti, mafaili. Lilikuwa linashushwa na kupakiwa hata kama mtu anasasisha kitu kimoja kidogo kisichohusiana. Tutarudi hapo, maana daftari hilo ndilo linaonyesha kwamba jambo hili halikuandikwa na Mungu.

Apt, meneja wa Debian na Ubuntu, anafanana zaidi na mwenye depo wa kwanza. Orodha yake anaijenga kuwa faili moja kwenye disiki, na mfumo unaisoma vipande kwa vipande kadiri inavyohitajika. Si kwamba halemei kabisa. Wakati kiini cha Linux chenyewe kinasasishwa, kuna kazi ya kutengeneza upya faili la kuwashia mashini na kulibana, na hapo seva ndogo inatoka jasho hata ikiwa ni Debian. Lakini kwa kazi ya kawaida ya kila wiki, tofauti inaonekana kwa macho. Na apk, meneja wa Alpine Linux, ni mwepesi kuliko wote wawili. Alpine ilitengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya vitu vidogo, hata ikiwekwa ndani ya kontena haizidi megabaiti 8.

Memori ikiisha, Linux haikai tu kungoja. Kiini chake kina askari ambaye kazi yake ni kuchagua programu moja ya kuua ili zingine ziishi. Anachagua kwa kuangalia hasa nani anakula memori nyingi zaidi wakati huo. Hapa ndipo kuna uonevu ambao mafundi wengi wa redio hawajauelewa. Kama dnf ndiye amekula zaidi, anauawa dnf, na hasara ni ndogo. Lakini kama hifadhidata ya ukurasa ilikuwa imekalia megabaiti 200 kwa amani tangu mwezi uliopita, na dnf amefikisha 180 tu, askari anaua hifadhidata. Aliyeleta vurugu anabaki, mwenye nyumba anatolewa. Fundi anaona kusasisha kumekwisha vizuri, anafunga ordinateri, anaenda nyumbani. Asubuhi watu wanapiga simu kwenye redio kuuliza mbona orodha ya watoto haionekani.

Wengine wanaapa kwamba hawakugusa kitu na seva ilikufa yenyewe usiku. Mara nyingi wanasema kweli. Kwenye mifumo ya dnf kuna saa ya ndani, dnf-makecache.timer, ambayo inaamka yenyewe mara kwa mara, kuanzia dakika chache kisha mashini kuwaka, ili kushusha orodha mpya iwe tayari siku mtu atakapoihitaji. Debian na Ubuntu nao wana saa yao, apt-daily. Nia ni nzuri. Kwa inchi ambako kurani ni ya kudumu na intaneti inalipwa kwa mwezi bila kipimo, ni huduma. Kwa Raspberry Pi iliyounganishwa kwa simu ya fundi, ambako kila mega imenunuliwa kwa franka, ni mtoto anayefungua bomba la maji wakati hakuna mtu nyumbani. Inakula mega, inakula memori, na hakuna aliyeiagiza.

Kurani ndiyo inageuza usumbufu kuwa msiba. Kusasisha si tendo moja. Ni matendo mengi yanayofuatana, kutoa faili la zamani, kuweka jipya, kuandika kwenye daftari la mfumo kwamba limewekwa. Meneja akiuawa katikati, ama kurani ikikatika katikati, daftari linasema kitu kimoja na disiki inasema kingine. Kwenye Debian kuna amri ya kumalizia kilichobaki, dpkg --configure -a, na mara nyingi inaokoa. Kwenye mifumo ya rpm unaweza kukuta pakiti ileile imeandikwa mara mbili, ya zamani na mpya, na kuzitenganisha kunaomba mtu mwenye subira na usiku mzima. Kwa redio yenye fundi mmoja anayejitolea, ambaye mchana anafundisha shule ama anatengeneza simu sokoni, usiku mzima huo haupatikani kila mara.

Kwa hiyo haishangazi kwamba mafundi wengi wamefikia uamuzi wao wa kimya: usiguse. Inafanya kazi, iache. Kusasisha ndiko kunaua seva, basi tusisasishe. Mtu aliyelala ofisini mara mbili akijaribu kufufua ukurasa haitaji kubembelezwa kufikia hapo. Lakini uamuzi huo ndio hatari kubwa kuliko zote, na ndio sababu jambo hili la memori, linaloonekana kama maneno ya mafundi peke yao, linawahusu watu wa kambini.

Mfano upo, na ni wa watu wakubwa kuliko redio yoyote. Munamo Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile ambayo wakaaji wa Congo wanaijua kwa jina la CICR, ilitangaza kwamba wezi wa mtandao wameingia kwenye seva zake. Data zilizoguswa zilikuwa za watu zaidi ya 515,000: watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, kwa uhamiaji ama kwa majanga, watu waliopotea na wale wanaowatafuta, watu walio kizuizini. Zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Wezi walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021. Waligunduliwa tarehe 18 Januari. Siku sabini. CICR yenyewe ilieleza mwezi uliofuata kwamba mlango ulikuwa kasoro kwenye programu moja ya kuthibitisha watumiaji, kasoro ambayo dawa yake ilikuwa imeshatolewa lakini haikuwekwa kwa wakati.

Seva za CICR hazikuwa ndogo, na tatizo lao halikuwa memori. Hilo lisichanganywe. Lakini kama shirika lenye wataalamu, bajeti na ofisi Geneva linaweza kuingiliwa kwa sababu ya dawa moja iliyochelewa miezi michache, seva ya redio ambayo haijasasishwa miaka mitatu kwa kuogopa neno Killed iko wapi? Na ndani yake kuna nini? Kuna jina la mama, kijiji alikotoka, kambi aliko leo, namba ya simu. Kwa muji wa amani hiyo ni anwani tu. Kwa mashariki ya Congo, ambako munamo Octoba 2023 shirika la OIM lilihesabu wakimbizi wa ndani milioni 6.9 katika inchi nzima, kijiji ulikotoka na mahali uliko leo ni habari ambayo kuna watu wenye silaha wanaoitaka. Familia iliyokubali kuandikwa ili ipate mtoto wake haikukubali kuonekana na kila mtu.

Kundi la pili linasema dawa ni rahisi: nunueni seva kubwa. Ni ushauri unaotolewa kwa moyo mwema na watu wanaolipa kwa kadi ya benki wakiwa wamekaa. Kuongeza memori mara mbili kwa kawaida ni kuongeza kodi karibu mara mbili, kila mwezi, mwaka mzima. Redio inayoishi kwa matangazo ya harusi na ya waliopotelewa na kitambulisho inazihesabu dola hizo. Na kisha benki za Goma kufunga milango munamo Januari 2025, hata kupeleka dola tano inje ya inchi kuliweza kuwa kazi ya kumtafuta ndugu wa mbali mwenye kadi na kumwomba kwa upole asisahau. Kumwambia redio hiyo ilipe zaidi ili kutosheleza dakika kumi za meneja wa pakiti kwa wiki ni kumwambia mtu ajenge nyumba ya vyumba sita kwa sababu mgeni mmoja mnene anapita Ijumaa.

Seva kubwa iko na mahali pake. Redio yenye wasikilizaji elfu kadhaa kwa intaneti itaihitaji, na hakuna aibu. Lakini iombwe na kazi, si na chombo cha kusasishia.

Yako mambo ya kufanya kabla ya hapo, na mengine hayaombi hata franka moja. La kwanza ni kuchagua mfumo kwa kuangalia saa mbaya, si saa nzuri. Kwa mashini ya megabaiti 512, Debian bila skrini ya picha ni chaguo la busara: maelezo yake yako mengi hata kwa Kifaransa, mafundi wa muji wanaifahamu, na apt haitandazi depo nzima. Alpine ni nyepesi zaidi, lakini inajengwa juu ya maktaba ya msingi tofauti na ya wengine, kwa hiyo programu fulani zilizokwisha kutengenezwa kwa Linux ya kawaida zinakataa kuwaka juu yake. Fundi anayeijua aitumie. Asiyeijua asijifunzie kwenye mashini inayobeba orodha ya watoto waliopotea.

Kama seva tayari ni ya familia ya dnf na hakuna njia ya kuihamisha leo, haijahukumiwa kufa. Wekeni swap, yaani sehemu ya disiki inayosaidia memori ikijaa. Faili la gigabaiti 1 linatengenezwa kwa dakika chache. Ni polepole, lakini polepole si kufa. Kusasisha kutachukua dakika ishirini badala ya tano na ukurasa utabaki umesimama. Kwa Raspberry Pi yenye kadi ndogo ya memori kuwe na tahadhari, sababu kadi hizo zinachoka zikiandikwa sana. Hapo ni bora zram, ambayo inabana yaliyomo ndani ya memori yenyewe ili yachukue nafasi ndogo. Fedora yenyewe inatumia zram tangu toleo la 33, Octoba 2020, hata kwa kompyuta za kawaida.

Kisha funga hazina za programu zisizotumika. Kila hazina iliyofunguliwa ni daftari moja zaidi mezani, na seva nyingi zinabeba hazina iliyoongezwa siku moja kwa ajili ya programu moja ambayo hata ilishatolewa. Zima ile saa ya ndani kama mega zinanunuliwa, lakini hapo fundi ajiandikie siku yake mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu kuzima saa bila kuweka siku ni kurudi kwenye "usiguse" kwa mlango wa nyuma. Shusha pakiti kwanza bila kuziweka, dnf na apt wote wanaruhusu, na uziweke wakati batri imejaa. Zima hifadhidata kwa muda, kwa mkono wako, na utangaze hewani kwamba ukurasa utafungwa kwa nusu saa. Ni heri kuzimwa na mwenye nyumba kuliko kuuawa na askari.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka ambao hausaidii kama watu wanavyofikiri: kusasisha pakiti moja moja. Kwenye dnf inapunguza kazi ya kuweka, ni kweli, lakini madaftari yanatandazwa yote hata kama gunia ni moja. Mtu anafanya safari ishirini na kila safari anaangusha vikombe.

Na nakala. Kabla ya yote, nakala ya hifadhidata itoke kwenye seva, ikae kwenye disiki nyingine ndani ya ofisi, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Bora zaidi, zile namba za simu na mahali familia zilipo zisikae kabisa kwenye seva ya ukurasa wa wazi. Ukurasa uonyeshe jina la mtoto na namba ya redio. Mengine yakae kwenye daftari la ofisi. Hakuna mwizi wa mtandao anayefungua daftari la karatasi.

Basi wanaotengeneza programu hizi wanasema nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba memori ni ya bei chee siku hizi. Anayeandika programu ana ordinateri yenye gigabaiti 32 na intaneti isiyokatika. Kwake daftari la mafaili yote halikuwa na uzito. Lakini munamo Aprili 2024, Fedora 40 iliacha kushusha daftari hilo kwa kila mtu, na kulishusha tu pale linapohitajika kweli, ili kupunguza memori na data. Miezi sita baadaye, Fedora 41 ilileta dnf5, iliyoandikwa upya kwa lugha ya C++ badala ya kutegemea Python, nayo ni nyepesi kuliko mkubwa wake. Maana yake ilikuwa inawezekana muda wote. Hakuna sheria ya ufundi iliyolazimisha seva ndogo ziteseke kuanzia 2015 mpaka 2024. Kulikuwa tu na watu ambao meza zao zilikuwa kubwa. Wengine wamekuwa wakiwaandikia kwa subira kwamba mashini zao zinakufa, na hao ndio wanastahili shukrani. Mafundi wa Kivu pia wanaweza kuandika, hata kwa Kifaransa kilichotafsiriwa na mashini, wakionyesha memori ilikuwa ngapi na nini kiliuawa. Ripoti ya namna hiyo inasomwa kuliko malalamiko kumi.

Wafadhili nao wana sehemu yao, na si ndogo. Mradi unakuja na seva, fulana na bango. Mfumo uliowekwa ndani ni ule ambao fundi wa mradi aliuzoea ofisini kwake, si ule unaofaa mashini hiyo. Mradi unaisha kisha miezi kumi na minane. Neno la siri la msimamizi limebaki kwa mtu aliyehamia shirika lingine. Hapo redio inarithi mlango wenye kufuli ambayo haina ufunguo, na kufuli yenyewe inaoza. Kwa bei ya bango moja la rangi, seva ya dola 5 inalipiwa miezi kadhaa.

Redio inayopewa seva iko na haki ya kuijaribu kabla ya kutia sahihi, kama vile mtu anavyowasha pikipiki kabla ya kulipa. Jaribio ni hili: mkurugenzi afungue ukurasa wa redio kwenye simu yake, mtangazaji awashe matangazo ya mubashara, na fundi wa mradi, mbele yao wote, aandike amri ya kusasisha mfumo mzima. Wangoje mpaka mwisho. Ukurasa ukiendelea kufunguka na sauti ikiendelea kutoka, watie sahihi na waandike neno la siri kwenye bahasha mbili, moja ya ofisi na moja ya kamati. Likitokea lile neno moja la Kiingereza, mashini irudi ilikotoka na mfumo mwingine ndani yake, kabla jina la mtoto wa kwanza halijaandikwa humo.